Majalada ya Mikindani

Katika mwambao wa kusini jalada la santuri hufa kabla ya santuri yenyewe. Sahani nyeusi, maadamu haikuachwa juani wala haikukanyagwa na watoto, huweza kukaa miaka hamsini, na ikiwekwa chini ya sindano ikaimba kama jana. Nyumba yake ya karatasi ngumu haina bahati hiyo. Huanza kuachana mdomoni, pale mkono unapoingia na kutoka. Hufuata mshono wa chini, kwa kuwa santuri kubwa ya inchi 12 ina uzito wa gramu 120 au zaidi, na kila inaposhushwa ukingo wake hupiga mahali pale pale, mithili ya kisu butu kisicho na haraka. Mwisho hukatika mgongo, na jina la mwimbaji lililochapwa mgongoni huenda nao. Juu ya uso wa jalada hujitokeza duara lililochubuka: ni sahani inayojichora kutoka ndani, kama goti linavyojichora kwenye suruali kuukuu.

Penye ubaridi na ukavu uchakavu huo huchukua miaka mingi. Kutoka Mikindani hadi Msimbati na mikoko ya mdomo wa Ruvuma mambo ni mengine. Mvua hunyesha kuanzia Disemba hadi Aprili, hewa hujaa maji na chumvi, karatasi hunyonya na kuvimba. Ukija msimu wa kiangazi na upepo wa kusi, karatasi hukauka na kusinyaa. Gundi ya kiwandani iliyounganisha pande mbili za jalada haivimbi wala haisinyai kwa kipimo kimoja na karatasi, na kila mwaka mshono huvutwa huku na huku mpaka uachie. Basi mtu akirithi santuri huku, hurithi na swali la gundi.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Mikindani alilirithi swali hilo pamoja na sanduku la mbao lenye santuri 61. Baba yake alikuwa karani bandarini Mtwara, mtu wa kuandika kila kitu, na kwa kuwa santuri zake zilikuwa zikiazimwa na mji mzima, aliandika nyuma ya jalada, kwa kalamu ya wino wa buluu, ilikwenda wapi, lini na kwa shughuli gani. Ikirejea aliongeza neno moja. Harusi, Mitengo, Agosti 1969: imerudi. Dansi ya watu wa bandari, Disemba 1971: imerudi. Harusi, Msimbati, Oktoba 1973: imerudi, na mbele yake, kwa herufi ndogo za kukasirika, imekwaruzwa.

Nyimbo zilizomo si tatizo tena. Aghalabu ya nyimbo hizo sasa husikika katika simu ya mjukuu, tena safi kuliko zilivyosikika katika gramafoni ya betri. Orodha ya karani haisikiki popote. Nyingi ya harusi zilizotajwa hazikubakiza hata picha. Wenyewe wamekwisha kufa au wamehama, na ushahidi uliobaki kwamba usiku fulani watu walicheza mpaka alfajiri ni mstari mmoja wa wino, sentimita mbili tu kutoka kwenye mshono unaoachana. Mwalimu alijua pia kwamba mrekebishaji mwenye pupa huweza kuumaliza mstari huo kwa dakika moja, ilhali mende wangehitaji mwaka mzima.

Santuri hazikuanza na majalada ya kurembwa. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, sauti yake ilirudi pwani juu ya sahani nzito za laki, yaani ule ulimbo unaotolewa na vidudu vya mitini huko India. Zilikuwa sahani za kuvunjika kama vigae, na vazi lao lilikuwa mfuko wa karatasi wenye tundu katikati. Ukitafakari utaona kwamba sahani zile zenyewe zilikuwa namna ya gundi iliyokauka, maana laki hiyo hiyo huyeyushwa katika spiriti na kupakwa juu ya samani ili zing'ae. Kwa hiyo mwenye kusafisha santuri ya zamani kwa spiriti huifuta sauti pamoja na vumbi. Ya Mikindani imo minne ya aina hiyo, na hata mfuko mmoja wa asili haukusalia.

Miaka ya 1960 ilileta plastiki: santuri ndogo za mizunguko 45 katika mifuko ya karatasi nyepesi, na santuri kubwa zenye majalada ya picha. Kusini zilifika kwanza kwa watu wenye mshahara. Mtwara ni mji uliozaliwa na bandari, na bandari ile ya maji marefu ilijengwa kwa ajili ya Mradi wa Karanga, ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947 na kuuvunja mwaka 1951. Karanga hazikuzaa kama zilivyoahidiwa, na reli ya kwenda Nachingwea ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini makarani na wapakizi walibaki, na karani akishalipa kodi ya nyumba hununua kitu cha kuimba. Bendi za Dar es Salaam, Tanga na Morogoro zilikuwa zikichapiwa santuri zao Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, santuri mpya ziliadimika, na jalada lililochanika halikuwa tena kitu cha kutupwa. Katika sanduku la karani, matengenezo mengi ni ya miaka hiyo.

Na mengi ni ya selotepu.

Utepe huu ulibuniwa Marekani mwaka 1930, na haukukusudiwa vitabu bali kufungia vifurushi. Gundi yake ya asili ni mpira uliochanganywa na ulimbo wa miti. (Mpira wa porini nao uliwahi kuuzwa ng'ambo kutoka bandari za kusini, Mikindani ikiwamo, miaka ya mwisho ya karne ya 19, hiyo ni hadithi ya siku nyingine.) Mwaka wa kwanza selotepu ni safi kama kioo, na mtu hujisifu kwa kazi nzuri. Kisha hewa na joto huuchachua mpira: hugeuka manjano, hulainika kama asali, hupenya katika nyuzi za karatasi. Mwisho hukauka kabisa, utepe hudondoka kama gamba la nyoka, na linalobaki ni mstari wa kahawia usiotoka kwa maji wala sabuni. Wataalamu waliokuwa wakiunganisha vipande vya Hati za Bahari ya Chumvi mjini Jerusalem katika miaka ya 1950 walitumia utepe wa namna hiyo, na watunzaji waliokuja baadaye wametumia miongo kuuondoa na kuyafuta madoa yake. Ikiwa hati za miaka elfu mbili hazikusalimika, jalada la karani wa bandari lingepata wapi kinga?

Katika jalada moja la mwalimu utepe umeanguka na ngozi ya karatasi, na herufi zimeondoka nao. Ukiugeuza mbele ya dirisha unayaona maneno kinyume, kama katika kioo. Ameutia ndani ya bahasha na bahasha ameitia ndani ya jalada, kwa kuwa hapakuwa na jingine la kufanya.

Gundi nyingine za mitaani hazihitaji maneno mengi. Ile ya mafundi viatu, ya manjano na yenye harufu ya kulevya, hushika papo hapo na haimpi mtu nafasi ya kusahihisha. Viyeyusho vyake si rafiki wa plastiki, na mvuke uliofungiwa ndani ya jalada hauna pa kwenda ila kwenye sahani. Supa gluu hukauka ngumu kama ukucha, jalada likikunjwa karatasi hukatika kando yake. Nta ya nyuki, ambayo Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma huichorea chale juu ya nyuso za vinyago vya mapiko, hupendeza sana juu ya mti. Karatasi ikiinywa huwa kama karatasi iliyofungiwa maandazi.

Mashindano ya kweli ni baina ya mbili: kanji na gundi nyeupe.

Kanji, mtu wa pwani anaijua kabla hajajua kusoma. Ndiyo inayosimamisha kanzu, ndiyo inayoishikilia karatasi ya tiara juu ya vijiti vya chelewa. Katika nyanda za juu za Makonde, ambako muhogo ndio tegemeo la chungu, wanga wake haukosekani. Muhogo hukunwa, hukamuliwa katika maji, maji hutuama, na unga mweupe unaobaki chini hukaushwa. Kipimo ni kijiko kimoja cha wanga kwa vijiko vitano au sita vya maji baridi, moto uwe mdogo, na mwiko usisimame mpaka uji ule mweupe uanze kung'aa na kuwa mzito. Ukishapoa hupitishwa katika kitambaa ili usiwe na madonge, maana donge likikauka chini ya karatasi huonekana milele, kama kokoto ndani ya kiatu.

Watunzaji wa vitabu katika maktaba kubwa za ulimwengu wanatumia kitu cha jamii hiyo hiyo, ila wao hupika wanga wa ngano ulioondolewa utomoni wake. Mafundi wa Japani wanaotengeneza picha za kukunjwa kwenye mapipa ya mti wana kanji wanayoihifadhi mitungini kiasi cha miaka kumi, makusudi, ili idhoofike. Jambo hilo humshangaza mtu aliyezoea kusifu gundi kwa nguvu zake. Lakini gundi njema ya karatasi ni ile iliyo dhaifu kuliko karatasi. Jalada likivutwa, kinachotakiwa kuachia ni gundi; gundi hupikwa tena, karatasi haipikwi. Na siku mtu mwingine atakapotaka kuibandua kazi ya leo, kanji hulegea kwa unyevu mdogo tu na kutoka bila kisirani.

Hapo ndipo maktaba za ng'ambo na Mikindani zinapoachana njia. Kanji ni chakula. Mende wa pwani haoni mshono uliotengenezwa, anaona karamu, na usiku mmoja humtosha kuula ukingo mzima pamoja na karatasi iliyopakana nao. Mvua zikianza, kuvu nayo huja kudai sehemu yake. Mafundi wa kujalidi vitabu huko India walizoea kutia mrututu katika kanji yao ili kuwakomesha wadudu. Wadudu wakakoma, ni kweli. Lakini mrututu ni chumvi ya shaba, na shaba huiharakisha karatasi kuoza, mbali na kuwa ni sumu kwa mikono ya fundi. Wengine hutia mafuta ya karafuu, na wasomaji wa Unguja na Pemba watafurahi kusikia kwamba hayo huizuia kuvu. Taabu ni kwamba harufu ikishaondoka, na kinga imeondoka.

Upo pia mkorosho. Wareno ndio walioutoa Brazili na kuuleta katika mwambao huu, na leo Mtwara inaujua kuliko mti mwingine wowote. Gome lake likijeruhiwa hutoa utomvu wenye rangi ya kaharabu, ambao watengeneza vitabu wa Amerika ya Kusini waliwahi kuupaka ili kuwafukuza nondo na sisimizi. Mwalimu aliokota mabonge mawili nyuma ya nyumba, akayalowesha usiku kucha, akayachuja kwa kitambaa. Yalishika vizuri. Wiki ya pili kipande cha majaribio kilipokunjwa kilialika kama kijiti kikavu, na gundi ikapukutika vipande vipande. Kwa kufungia barua ingefaa; kwa mshono unaofunguliwa na kufungwa kila siku, la. Alisikitika, kwa sababu alikwisha kuipenda fikra ya kuwa dawa ya santuri za baba imetoka katika mti alioupanda baba.

Gundi nyeupe ya maseremala ni mtoto wa maabara. Mjerumani Fritz Klatte ndiye aliyeigundua asetati ya vinili mwaka 1912, na humo ndimo ilimotoka. Ina udugu na santuri kuliko watu wanavyodhani: sahani za plastiki hutengenezwa kwa kloridi ya vinili iliyochanganywa na asetati hiyo hiyo kidogo. Mende hawaipendi, kuvu huipata kwa taabu, na ikikauka hupinda bila kukatika. Sifa hizo tatu zingetosha kumaliza mjadala, lau Mtwara ingekuwa na baridi. Lakini gundi hii huanza kulainika joto likikaribia nyuzi 30 za Selsiasi, na huko joto la namna hiyo ni la mchana wa kawaida. Chini ya paa la bati huzidi. Majalada mawili yenye gundi iliyovuja pembeni, yakibanwa pamoja kabatini, huamka yakiwa jalada moja. Zile za bei nafuu zilizotengenezwa kwa mbao huweza kuwa na tindikali, nayo huila karatasi polepole. Maktaba hununua ile isiyo na tindikali, inayouzwa kwa mafundi wa vitabu. Na ikishaingia katika nyuzi za karatasi, haitoki.

Hili la mwisho mwalimu alilisikia kwa fundi seremala mmoja mjini Mtwara, ambaye hakujua kwamba anaitia kasoro bidhaa yake.

"Fundi, gundi hii ikishakauka, hutoka?"

"Ikitoka, mwalimu, basi mimi nimeharibu kazi. Kitanda kikiachia usiku, asubuhi mteja yuko mlangoni."

"Na ukilazimisha?"

"Ukilazimisha itapasuka mbao pembeni. Pale penye gundi patabaki vile vile."

Alisema hivyo kwa fahari, na kwa kitanda alikuwa na haki. Mwalimu alinunua chupa ndogo, akaondoka akiwa na wasiwasi kuliko alivyokuja.

Jibu lililomtuliza lilitoka ufukoni. Chini ya mji, ng'ambo ya barabara inayotazamana na Boma la Wajerumani, vyombo huvutwa mchangani kupigwa kalafati. Fundi wa vyombo haunganishi ubao kwa ubao kwa kitu cha kugandisha. Huchukua pamba iliyotiwa mafuta na kuishindilia katika nafasi ya mbao mbili kwa patasi na nyundo. Chombo kikirudi baharini mbao hunywa maji, huvimba, huibana pamba, na maji hayapiti. Kikipandishwa tena pwani, pamba chakavu huvutwa nje kwa ndoana na mpya huingia. Mwalimu alimuuliza mzee aliyekuwa kazini kwa nini hawatii gundi siku hizi, maadamu madukani zimejaa.

"Mwanangu, ubao unapumua," alijibu bila kuinua kichwa. "Ukiugandisha utapasuka wenyewe. Pamba inabonyea. Na mwakani nataka kuitoa, nitaitoaje?"

Kazi ilianza Julai, hewa ilipokwisha kukauka, kwa kuwa hakuna gundi ya maji inayokauka vyema katika mwezi wa mvua. Mwalimu hakuchagua moja ya zile mbili akaiacha nyingine. Alifanya kama wanavyofanya baadhi ya watunzaji wa vitabu: kwanza alibandika kwa kanji, upande wa ndani wa mshono, ukanda wa karatasi nyeupe ya shashi, ile ya kuundia tiara, akaukwepa wa rangi kwa kuwa rangi ya shashi huchuja. Kanji aliipika nzito na kuipaka kwa brashi karibu kavu, maana maji mengi huivimbisha kadi na kuivuruga wino. Shashi ilipokauka ndipo alipoweka juu yake ukanda wa bafta wa upana wa vidole viwili, na huo ndio uliopata gundi nyeupe, kiasi kidogo, isivuke mpaka wa shashi. Kwa hivyo karatasi ya karani imeguswa na kanji tu. Nguvu iko katika bafta, na bafta imesimama juu ya kitu kinachokubali kuachia. Atakayetaka kuufungua mshono huo miaka ijayo ataulowesha kidogo, na tabaka zote mbili zitatoka pamoja. Kanji nayo imefunikwa. Mende akija ataikuta bafta na gundi nyeupe kwanza, vitu visivyo na ladha. Haikomeshi kabisa hatari, ila inaipunguza.

Ndani ya kila jalada aliingiza kipande cha nailoni ili pande mbili zisigandane, juu akaweka ubao na vitabu vya kiada vya zamani, uzito wa kutosha bila kuponda. Jalada lilikaa hivyo mchana na usiku. Santuri zilingoja nje katika mifuko mipya ya karatasi, zimesimama wima, kwa sababu santuri iliyolazwa na kubebeshwa nyingine katika joto hupinda na haipindurudi. Majalada kumi na tisa yalichukua wiki tano. Kila lenye maandishi lilipimwa kabla ya kuguswa: uzi wa pamba uliolowa kidogo uligusishwa ncha ya herufi moja, ile isiyo na kazi kubwa, kama mkia wa j. Pamba ikibaki nyeupe, kazi iliendelea. Ikitoka buluu, jalada liliwekwa kando.

Yaliwekwa kando matatu. Mawili yalitengenezwa baadaye kwa kanji iliyo kavu zaidi, na kwenye moja kati ya hayo neno imerudi lina kivuli sasa, kama limeandikwa mara mbili.

La tatu ni jalada la santuri kubwa ya Kikongo ambayo jina la bendi limechubuka lote. Kwenye orodha yake mstari wa sita unasema: Kionga, Juni 1975, uhuru. Kionga iko upande wa kusini wa mdomo wa Ruvuma, katika kipembe cha ardhi ambacho Wareno walikitwaa kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji yote ilitoka mikononi mwa Wareno. Watu wa huko wana shangazi na wajomba Msimbati, na wa Msimbati wana mashamba huko. Santuri kuvuka mto kwa mtumbwi haikuwa ajabu, hata kama karani aliandika mstari ule kwa mkono mzito kuliko mingine. Imerudi ipo, ila ni ya Machi 1976. Santuri ilikaa ng'ambo miezi tisa.

Ilirudi jalada lake likiwa limeshonwa. Mshono wa chini ulikuwa umeachana huko, na aliyelipokea hakuwa na gundi ya aina yoyote, au alikuwa nayo akaikataa. Alitumia uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, na fundo la mwisho ni fundo la mvuvi. Mishono ni kumi na minne na hailingani: mingine iko karibu karibu, mingine ina pengo la vidole viwili. Kwa miaka mingi nyumbani walidhani ni kazi ya mtu mvivu. Mwalimu alipolilaza mezani chini ya mwanga ndipo alipoona kwamba pengo linakuja kila mahali ambapo orodha ya baba yake imeshuka hadi ukingoni. Sindano imeruka maneno. Hakuna herufi hata moja iliyotobolewa.

Jalada hilo halikupata kanji, shashi wala bafta. Uzi bado unashika, na matundu hayajapanuka. Aliliweka tambarare ndani ya bahasha kubwa, sahani akaitia katika mfuko wake peke yake, na juu ya vyote viwili akaandika kwa penseli namba 23 ili visipoteane. Kisha akaimwaga kanji iliyobaki mbali na nyumba kabla giza halijaingia, akausugua mwiko, na kuuanika.